Chupa ya Chai Pwani: Huduma ya Kwanza Itokayo Jikoni

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali huko Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, wanawake wanaolima mwani hushuka kwenye mashamba yao wakiwa na kamba, magunia na, aghalabu, chupa ya chai. Wavuvi wa ngalawa nao huibeba. Ni wachache wanaotambua kwamba chupa hiyo, ikijazwa maji ya moto matupu, ni msaada wa kwanza kwa mojawapo ya majeraha yenye maumivu makali zaidi pwani: mwiba wa taa.

Samaki huyu hujifukia mchangani penye maji machache. Akikanyagwa, hupiga kwa mkia na kuchoma mguu kwa mwiba wenye meno na sumu. Sumu hiyo ni ya protini. Joto huaminika kuidhoofisha, na pia hutuliza maumivu katika neva. Tiba hiyohiyo humfaa aliyechomwa na samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe.

Jeraha lioshwe, kisha mguu utumbukizwe katika ndoo au beseni la maji ya moto yasiyozidi nyuzijoto 45, kwa dakika 30 hadi 90. Hapa ndipo penye hatari. Mguu uliojaa maumivu hautambui joto vizuri, na wengi wamebadilishiwa jeraha dogo kuwa jeraha la kuungua. Maji ya chupa yachanganywe na ya baridi, na mtu mwingine ayapime kwa mkono wake kwanza. Yakipoa, mguu utolewe kabla ya kuongeza ya moto.

Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe kamwe. Mwaustralia Steve Irwin, mtangazaji mashuhuri wa vipindi vya wanyama, alifariki dunia mwaka 2006 baada ya kuchomwa kifuani na taa. Majeruhi wa namna hiyo awahishwe hospitali huku mwiba ukiwa umetulizwa mahali pake.

Kanga na siki

Doti ya kanga ni vitambaa viwili, na kila kimoja kina kazi. Cha kwanza, kikiwa safi na kukunjwa mara kadhaa, hugandamizwa juu ya jeraha linalovuja damu, bila kufunuliwa kila mara ili kuchungulia. Cha pili, kikikunjwa pembetatu, huning'iniza mkono uliovunjika, au hufunga kibao kwenye mguu usitikisike. Aliyeumwa na nyoka pia atulizwe hivyo, asitembee, na kiungo kisikazwe kwa kamba.

Siki ya kachumbari nayo ina nafasi yake. Yavuyavu anapomgusa mtu, huacha nyuzi zenye vifuko vya sumu ambavyo bado havijapasuka. Siki ikimwagwa kwa angalau nusu dakika huzuia vifuko vya aina nyingi, hasa yavuyavu wa umbo la sanduku, visiendelee kufyatuka, ingawa haiondoi maumivu yaliyokwisha kuanza. Pasipo siki, yatumike maji ya bahari; maji baridi yasiyo na chumvi huweza kufyatua vifuko zaidi. Nyuzi ziondolewe kwa kibano, bila kusugua.

Vya kuachwa nyumbani

Si kila kilichozoeleka kinafaa. Mafuta ya taa na majivu huchafua kidonda. Dawa ya meno hairuhusu jeraha la moto kupoa. Lililo bora ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Mkojo hautibu sumu ya yavuyavu. Wembe wa kuchanjia na jiwe jeusi la nyoka humchelewesha mgonjwa kufika penye dawa halisi ya sumu.

Kwa mhudumu wa zahanati, maumivu yakishatulia kazi haijaisha. Achunguze kama kipande cha mwiba kimebaki ndani, aulize kuhusu chanjo ya pepopunda, na amtake mgonjwa arudi iwapo mguu utavimba, utatoa usaha au homa itapanda.

Kwa mkulima wa mwani na mvuvi, maandalizi ni mepesi: chupa ya pili ya maji matupu ya moto, ndoo, doti safi katika mfuko wa nailoni, na kichupa cha siki. Na awapo majini, aburute miguu mchangani badala ya kuinyanyua. Taa akishtuliwa mapema, huondoka mwenyewe.