Kodi ya Shule: Nani Alipe, na Alipe Kiasi Gani?

Mwezi huu tupumzike kidogo habari za pamba na mahindi. Tuzungumze habari ya fedha za shule.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwashauri wakulima. Lakini karibu kila mkutano ninaohudhuria, tukishamaliza habari za mbegu na mbolea, mtu mmoja husimama na kuuliza: "Watoto wetu wamebanana darasani. Fedha za kujenga zitoke wapi?" Hapo ndipo mabishano huanza. Wengine husema tuongeze kodi. Wengine husema tumechoka kutozwa. Pande zote mbili zina sababu. Hebu tuzisikilize.

MANENO MANNE

Kwanza tuelewe maneno. Ukiyajua, huwezi kudanganywa.

Kodi ni fedha unayotakiwa kulipa kwa sheria. Katiba ya nchi yetu inasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa bila sheria. Mtu hawezi kuamka asubuhi na kukutoza kodi kwa sababu yeye ni kiongozi.

Ushuru hutozwa hasa katika bidhaa, kama vile mazao na vitu vya sokoni.

Ada ni malipo ya huduma. Zamani mzazi alilipa ada ili mtoto asome.

Mchango ni fedha, mali au nguvu ambayo watu wamekubaliana kuitoa kwa kazi yao wenyewe.

Ukipewa stakabadhi, soma neno lililoandikwa. Kisha soma kiasi. Kisha soma tarehe. Kama huna stakabadhi, hujui ulicholipa ni kitu gani.

TUMETOKA WAPI

Wazee wetu waliijua kodi ya nyumba zamani sana. Mwaka 1898 wakoloni wa Kijerumani walianza kutoza kodi ya kibanda. Mwenye kibanda alilipa. Aliyekosa fedha alilazimishwa kufanya kazi. Kodi hiyo haikuwekwa ili kuwajengea wananchi shule. Iliwalazimisha kutafuta kazi katika mashamba ya wakoloni. Ilikuwa sababu mojawapo ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Ndiyo maana mpaka leo watu wakisikia kodi ya nyumba, mioyo yao hushtuka.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa. Mwezi Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Watu walifyatua matofali, wakachota maji na mchanga, wakajenga madarasa kwa mikono yao. Hiyo nayo ilikuwa kodi, ila ililipwa kwa jasho.

Katika miaka ya 1980 tuliletewa kodi ya maendeleo. Wengi wetu tunakumbuka mgambo wakivizia watu njiani. Wanaume walikimbilia porini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Ada ya shule za msingi nayo ilifutwa ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002. Watoto walifurika shuleni. Mwaka 2000 wanafunzi wa shule za msingi Tanzania Bara walikuwa karibu milioni 4 na nusu. Mwaka 2005 walizidi milioni 7 na nusu. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini watoto wakiongezeka, madarasa lazima yaongezeke. Na darasa halioti kama uyoga.

MKUTANO CHINI YA MWEMBE

Mwaka 2009 nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika kijiji kimoja cha wakulima wa pamba. Shuleni palikuwa na boma la madarasa mawili. Lilianzwa mwaka 2006 kwa mchango wa wananchi. Kuta zilifika kwenye lenta, zikaachwa. Mvua zilinyesha juu yake misimu mitatu. Watoto wa darasa la kwanza walisoma chini ya mwembe. Mvua ikija, wanakwenda nyumbani.

Halmashauri ya kijiji ilileta pendekezo kwenye mkutano mkuu. Mchango wa kila kaya upande kutoka shilingi 3,000 hadi shilingi 10,000. Kijiji kilikuwa na kaya 240. Kwa hiyo zingepatikana shilingi 2,400,000.

Mama mmoja mjane alisimama. Alisema: "Mimi nina kuku watatu. Shilingi 10,000 ni kuku wangu wote. Mwenzangu mwenye mashine ya kusaga anaipata kabla jua halijatua. Je, huo ndio usawa?"

Watu walinyamaza. Kisha mzee mmoja akasema: "Basi tusihesabu vichwa. Tuhesabu mali."

Tukachukua daftari tukapiga hesabu. Kaya 20 zilikuwa na duka, mashine au ng'ombe wengi. Kila moja itoe shilingi 30,000. Kaya 120 zilikuwa za kati. Kila moja itoe shilingi 12,000. Kaya 90 zilikuwa na hali duni. Kila moja itoe shilingi 4,000. Kaya 10 zilikuwa za wazee na wagonjwa wasio na msaada. Hizo zisitoe kitu.

Ndugu msomaji, chukua kalamu upige hesabu hiyo mwenyewe. Utapata 600,000, na 1,440,000, na 360,000. Jumla yake ni shilingi 2,400,000, sawasawa na ile ya kwanza. Fedha ni ile ile, ila mzigo umegawanywa upya.

WENYE MALI WALIJIBU

Usidhani wenye mali walikuwa watu wabaya. Nao walikuwa na maneno ya kusikilizwa.

Mwenye ng'ombe alisema: "Ng'ombe si fedha mfukoni. Ukame ukija wanakufa. Na mkinitoza kwa kuwahesabu, kesho nitawapeleka kwa shemeji yangu kijiji cha pili. Mtahesabu zizi tupu."

Mwenye nyumba ya bati alisema: "Nilifanya kazi miaka kumi ninunue bati hizi. Jirani yangu alikuwa akinywa pombe. Leo mnanitoza mimi kwa sababu nilifanya kazi?"

Kijana mmoja alisema: "Mimi sijaoa. Sina mtoto shuleni. Kwa nini nilipe?"

Yule mzee alimjibu kijana: "Mganga aliyekutibu juzi pale zahanati alisomeshwa na nani? Baba yako alibeba matofali ya shule kabla wewe hujazaliwa. Nawe beba ya watakaokuja."

Kijana alicheka akakaa chini. Lakini maneno ya mwenye ng'ombe yalikuwa na uzito. Kodi ya mali ina ugumu wake. Mali huonekana, lakini fedha huenda haipo. Mimi kama bwana shamba nilitoa shauri moja tu. Mkulima hana mshahara wa mwezi. Ukimdai mwezi wa Februari, wakati wa njaa, atauza jembe. Mdai baada ya kuuza pamba. Shauri hilo lilikubaliwa na wote.

MIFUKO KUMI NA MIWILI

Tulidhani mambo yamekwisha. Ndipo aliponyanyuka mama mwingine. Alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia. Alisema: "Kabla hatujatoa fedha mpya, tusomewe zile za mwaka 2006."

Viongozi walisema daftari halipo karibu. Wananchi wakasema: "Basi nasi fedha zetu haziko karibu." Mkutano ukaahirishwa.

Baada ya wiki mbili hesabu zilibandikwa kwenye mbao za matangazo. Mama yule alizisoma kwa sauti mbele ya mkutano, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye saruji akasimama. Paliandikwa mifuko 50. Akasema: "Siku ile lori lilipofika mimi nilikuwa nachota maji ya mafundi. Tulishusha mifuko 38. Je, 12 ilishukia wapi?"

Hakuna aliyejibu. Baadaye mtunza fedha alikubali kuilipa, na mtu mwingine akachaguliwa kushika kazi yake. Siku hiyo hiyo mkutano ulipitisha mchango mpya kwa madaraja, nao ulitolewa baada ya kuuza pamba. Wachache walichelewa, na mwenye nyumba ya bati alinung'unika mpaka mwisho. Lakini mwaka uliofuata madarasa yale mawili yaliezekwa. Madawati hayakutosha, ila mvua haikuwarudisha watoto nyumbani tena.

Mimi nilijifunza jambo moja. Watu wale hawakukataa kutoa. Walikataa kutoa gizani.

JE, KILA KIJIJI KIJITEGEMEE?

Wengine husema: "Basi kila mahali wajitoze wenyewe, wajenge shule zao." Tutazame nchi moja ambako shule hutegemea sana kodi za mahali zilipo. Nchi hiyo ni Marekani.

Huko, fedha nyingi za shule hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi ya watu wa mahali pale. Thamani ya nyumba ikiwa kubwa, kodi ni kubwa. Faida yake ni kwamba watu huona fedha zao zinafanya kazi karibu nao, nao hubishana juu ya bajeti ya shule yao. Hasara yake ni kwamba mtaa wa matajiri hupata fedha nyingi kwa urahisi, na mtaa wa maskini hupata kidogo hata ukijitoza sana. Tena nyumba ikipanda thamani, kodi hupanda, hata kama mwenyewe ni mzee asiye na kipato. Mwaka 1978 wananchi wa jimbo la California walichoka, wakapiga kura. Kodi hiyo ikawekewa mpaka wa asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Wenye nyumba wakapata nafuu, lakini shule zikaanza kutegemea zaidi serikali ya jimbo.

Kwa hiyo hata huko kwenye fedha nyingi mabishano ni haya haya. Kijiji kikiachwa peke yake, chenye ardhi kavu kitakuwa na shule mbovu. Fedha zote zikitoka mbali, wananchi hawaoni zilivyotumika. Yafaa vyote viwili visaidiane.

MAMBO YA SIKU HIZI

Tangu mwaka 2009 mambo yamebadilika tena. Mwezi Januari 2016 serikali ilianza kutoa elimu bila ada mpaka kidato cha nne. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya kulazimishwa shuleni. Mtoto asifukuzwe darasani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Lakini wananchi wakitaka kujitolea kwa hiari yao, kwa kufuata taratibu, wanaweza.

Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Wakulima tulifurahi, kwa sababu mnunuzi anayelipa ushuru mkubwa hushusha bei ya mkulima. Lakini tukumbuke kwamba ushuru ule ni fedha ya halmashauri ya wilaya. Ukipungua, fedha za maendeleo nazo hupungua. Huwezi kukata tawi ulilokalia kisha ukashangaa kuanguka.

Na mwezi Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ilipandishwa ikawa shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Njia hii ni rahisi na haina mgambo. Lakini mpangaji hukatwa kodi ya nyumba isiyo yake, asipopatana na mwenye nyumba. Na kwa sababu hukatwa kimyakimya, wengi hawaulizi fedha zimekwenda wapi.

WAJIBU WAKO

Basi ndugu msomaji, shule haijengwi kwa maneno. Lazima mtu alipe. Lakini kabla ya kukubali au kukataa, uliza mambo matatu.

La kwanza: Nani ameamua? Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, sheria ndogo ya kijiji hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mkutano mkuu ni wewe, mradi umefikisha miaka 18. Usipohudhuria, wengine wataamua kwa niaba yako.

La pili: Mzigo umegawanywaje? Mwenye kuku watatu na mwenye mashine wasibebeshwe gunia moja.

La tatu: Fedha zimefanya nini? Mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Yakibandikwa ukutani, usipite tu. Simama usome. Ulijifunza kusoma kwa ajili hiyo pia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya kodi na mchango?
2. Katika kijiji chenu, ni haki kila kaya itoe sawa? Kwa nini?
3. Mwenye ng'ombe alikuwa na sababu gani? Ungemjibu nini?
4. Hesabu za kijiji chenu zilisomwa lini mara ya mwisho? Nani alizisoma?