Kwa nini macho mazima hayaoni rangi kwa namna moja

Watu wawili wakibishana iwapo kitenge ni chekundu au cha rangi ya chungwa, anayeshindwa huambiwa akapimwe macho. Huenda akapimwa na kukutwa mzima, sawa na mwenzake. Wataalamu wa jenetiki wameonyesha kwamba hata wasio na upofu wa rangi hawaoni rangi kwa namna moja, na sababu mojawapo imo katika jeni walizorithi.

Ndani ya jicho mna seli za aina tatu zinazopokea rangi. Aina ya kwanza huitikia zaidi mwanga wa urefu wa wimbi wa takriban nanomita 420, upande wa buluu. Ya pili nanomita 530, upande wa kijani. Ya tatu nanomita 560, na hii ndiyo huitwa ya nyekundu. Kila aina ina protini yake iitwayo opsini. Jeni ya opsini ya buluu iko katika kromosomu ya 7. Jeni za kijani na nyekundu zimepangana katika kromosomu ya X, nazo zinafanana mno, jambo lililobainika mwaka 1986 Jeremy Nathans na wenzake walipozichambua nchini Marekani.

Kufanana huko ndiko chanzo cha mambo mengi. Mayai ya uzazi yanapoundwa mwilini mwa mama, kromosomu zake mbili za X hubadilishana vipande, na jeni hizi jirani huweza kukosea mahali pa kukutania. Ndiyo maana baadhi ya wanaume wana jeni moja ya kijani, wengine mbili au zaidi, na wengine wana jeni zilizochanganyika.

Tofauti iliyochunguzwa zaidi ni ndogo ajabu. Opsini ya nyekundu imeundwa kwa asidi amino 364. Katika nafasi ya 180, baadhi ya watu wana serini na wengine alanini. Utafiti wa mwaka 1992 ulikuta serini kwa takriban asilimia 62 ya wanaume wenye asili ya Ulaya waliochunguzwa. Wakiombwa kuchanganya mwanga mwekundu na wa kijani hadi ulingane na wa manjano, kipimo kilichobuniwa na Lord Rayleigh mwaka 1881, wenye serini huhitaji wekundu mchache kuliko wenye alanini. Kila upande huapa kwamba rangi zimelingana.

Kwa wanawake jambo hili lina sura nyingine. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, lakini kila seli hutumia moja tu. Akirithi serini kwa mzazi mmoja na alanini kwa mwingine, jicho lake huwa na seli za nyekundu za aina mbili. Je, huona rangi nyingi zaidi? Si lazima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima wanawake 24 wenye aina nne za seli, kwa sababu walibeba jeni ya upungufu wa kuona rangi; mmoja tu ndiye aliyeonyesha uwezo huo wa ziada.

Mwaka 2004, Brian Verrelli na Sarah Tishkoff walichambua jeni ya nyekundu kwa wanaume 236 kutoka mabara mbalimbali, Afrika ikiwemo, wakaikuta na tofauti nyingi kupita kawaida. Walidhani huenda ziliwafaa wanawake wa kale waliotafuta matunda porini. Dhana hiyo inavutia, ila ni vigumu kuithibitisha.

Tofauti hiyohiyo ya serini na alanini, isiyomsumbua mtu mzima, huweza kuamua hatima ya mwingine. Yupo mwanaume asiye na opsini ya kijani inayofanya kazi, ila ana za nyekundu mbili. Zikitofautiana katika nafasi ya 180, hubaki na uwezo kidogo wa kutenganisha nyekundu na kijani. Zikifanana kabisa, uwezo huo hutoweka. Wanaume wa namna hizi mbili hukutana mbele ya kitabu kilekile cha vitone vya rangi, wakiomba kazi ya urubani au ya kuendesha treni.