Kumkanda Mtoto Mchanga: La Kushika na la Kuacha



Miezi kadhaa iliyopita, tulipokuwa tumekwisha kusomesha baada ya sala ya alasiri, alitujia chuoni mzee mmoja wa mtaa wetu hali uso wake umekunjamana. Nyumbani kwake alikuwa amezaliwa mjukuu wa siku tano, na badala ya watu kuzungumza habari ya akika, nyumba imeingia fitina. Mkewe, ambaye amekanda watoto wote wa ukoo ule, alimkanda mjukuu kama alivyofundishwa na mamaye: akampaka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akamvuta viungo, akamshika miguu na kumning'iniza kichwa chini, kisha akamminya vifua ati atoe maziwa. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Mkaza mwanawe, binti aliyesoma, akamchukua mwanawe, akafunga mlango wa chumba, akasema kuwa hapana mkono utakaomkanda mtoto yule tena. Bibi naye akafunga mzigo wake ili arejee kwao.

Mzee akatuuliza, "Maalim, nani mwenye haki katika hawa wawili?"

Tulimjibu kwamba sisi ni walimu wa chuo wala si matabibu, na dini yetu imetuamrisha kuwauliza wenye kujua kwa lile tusilolijua. Basi tukafuatana naye, na mkewe, na yule mama mzazi na mwanawe, mpaka kwa mkunga wa zahanati iliyo karibu. Yale tuliyoyasikia huko, na yale tuliyoyatafuta baadaye kwa wataalamu na vitabuni, ndiyo tunayoyaandika hapa, kwani hapana shaka ugomvi kama ule umo katika nyumba nyingi.

Mila hii si ya ujinga

Jambo la kwanza ni kwamba kumkanda mtoto mchanga si upuuzi wa wazee. Ni desturi ya mataifa mengi, hapa pwani yetu, na Bara Hindi, na Nigeria, na kwingineko. Mwanachuoni wetu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 wa Hijra, yaani 1037, katika kitabu chake cha utabibu kiitwacho al-Qanun, aliweka mlango wa kulea mtoto tangu kuzaliwa kwake, akaeleza habari ya kumwosha, kumpapasa viungo, kumbembeleza na kumwimbia.

Lakini humo humo aliagiza pia ngozi ya mtoto isuguliwe kwa maji ya chumvi kidogo ili ipate kukakamaa, na jambo hilo leo matabibu hawaliagizi, kwani imejulikana kuwa ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na hupenyeka upesi. Katika hilo tuna funzo. Tusiseme kuwa la kale lote ni sawa, wala tusiseme kuwa la kale lote ni baya. Lipimwe kwa elimu, lenye manufaa lishikwe, na lenye madhara liachwe.

Wataalamu wameona nini

Mwaka 1986, Marekani, mtaalamu mmoja mwanamke jina lake Tiffany Field pamoja na wenziwe walichagua watoto 40 waliozaliwa kabla ya siku zao. Nusu yao walipapaswa na kunyooshwa viungo kwa upole mara 3 kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa siku 10. Wale waliopapaswa waliongezeka uzito kwa siku kiasi cha asilimia 47 kuliko wenzao, na wakatoka hospitali mapema kwa siku 6. Wataalamu hao waliona pia kuwa mkono wenye uzito wa wastani hufaa kuliko mkono mwepesi wa kutekenya, na wanafikiri kuwa mkandamizo ule huamsha mshipa wa fahamu utokao ubongoni kwenda tumboni, na tumbo likafanya kazi yake vizuri zaidi.

Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuwatunza wazazi na watoto baada ya kuzaliwa. Humo limesema kuwa mtoto mzima aliyetimiza miezi yake yafaa kufikiriwa kukandwa mwili kwa upole, kwa kuwa huenda kukamsaidia katika kukua kwake. Tazameni maneno hayo: "yafaa kufikiriwa", na "huenda". Hawakusema kuwa ni dawa, wala kuwa asiyekandwa atapooza au atakuwa na miguu ya matege. Kwa hiyo mama asiyeweza kumkanda mwanawe asijione kuwa amemdhulumu.

Ama mtoto aliyezaliwa njiti, huyo ana hukumu yake mbali. Lililo muhimu kwake zaidi ya kukandwa ni kuwekwa kifuani mwa mamaye, ngozi kwa ngozi, akafunikwa. Namna hii ilianzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria huko Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali yake ilipokuwa na upungufu wa vyombo vya kuwatia watoto joto. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, juu ya watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito mdogo. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, waliofariki katika siku 28 za mwanzo walikuwa 12 katika kila 100, na waliongojewa kwanza mpaka wapate nguvu, walifariki karibu 16 katika kila 100. Basi kifua cha mama kimeokoa watoto ambao vyombo peke yake havikuweza kuwaokoa. Mtoto wa namna hii asikandwe wala asipakwe mafuta ila kwa ruhusa ya wauguzi wake.

Namna ya kukanda

Mkunga yule hakuanza kwa kumlaumu bibi. Alikunja khanga ikawa kama mtoto, akampa na kumwambia, "Bibi, nionyeshe mikono yako." Bibi alipokwisha kuonyesha, mkunga akasema, "Mengi uliyoyafanya ni mazuri, na hawa mabinti zetu wanahitaji kujifunza kwako. Yapo machache tu tutakayoyaacha." Hapo uso wa bibi ukakunjuka. Kisha akaeleza kama hivi.

Wakati mwema ni pale mtoto ameamka naye ametulia, hana njaa, wala hakunyonya muda huo huo. Baada ya kunyonya apewe muda wa nusu saa au zaidi, asije akacheua. Chumba kiwe na joto, wala pasiwe na upepo wa kupita. Mwenye kukanda aoshe mikono kwa sabuni, akate kucha, avue pete na bangili.

Mafuta yawe machache, safi, yasiyo manukato. Ya nazi yafaa, na ya alizeti yafaa. Kwanza yapakwe mahali padogo mkononi mwa mtoto, ikangojewa kuona kama ngozi itafanya vipele. Yasipashwe moto mkali. Yatosha kuyasugua viganjani mpaka yapate uvuguvugu. Mafuta ya haradali yaachwe, maana huidhuru ngozi changa, na dawa za kuchua za watu wazima zenye ukali zisimkaribie kabisa.

Ianzwe miguuni, kwani huko mtoto hashtuki sana. Mkono upite kutoka pajani mpaka kifundoni taratibu, kisha nyayo zipapaswe kwa kidole gumba. Kifuani, viganja vianze katikati na kwenda pembeni, kama mtu alainishaye ukurasa wa msahafu. Mikono ikandwe kama miguu, na viganja vifunguliwe bila ya kulazimishwa. Kisha mtoto alazwe kifudifudi juu ya mapaja ya mkandaji, apapaswe mgongo pande mbili za uti, wala uti wenyewe usikandamizwe.

Tumbo lisiguswe mpaka kitovu kimeanguka na kidonda kimepona. Baada ya hapo likandwe kwa mzunguko, kama mishale ya saa inavyokwenda mbele ya macho ya mkandaji, kwani ndivyo utumbo mkubwa ulivyopangwa: hupanda upande wa kulia wa mtoto, ukapita juu, ukashuka upande wa kushoto. Kisha magoti yake yakunjwe taratibu kuelekea tumboni, na huenda akapata nafuu ya gesi. Yote hayo yasipite dakika 10 au 15.

Na mtoto asiyejua kusema ana maneno yake. Akigeuza uso, akipinda mgongo, akipata kwikwi au akilia, anasema kuwa imetosha. Basi aachwe, akumbatiwe, ijaribiwe siku nyingine. Kilio si dalili kuwa viungo "vinafunguka", kama wasemavyo wengine.

Yaliyo lazima kuachwa

Kumning'iniza mtoto kwa miguu au kwa kichwa, kumrusha, na kumvuta viungo mpaka vilie, yaachwe yote. Shingo yake bado haina nguvu, na nyonga zake ni laini.

Vifua vya mtoto visiminywe, awe wa kike au wa kiume. Uvimbe ule na yale maziwa machache hutokana na homoni za mama zilizompitia mtoto tumboni, na huondoka wenyewe. Kuviminya huleta usaha na maradhi.

Kichwa kisikandamizwe ili kifanywe cha mviringo, wala pua isivutwe ili iwe ndefu. Mifupa ya kichwa haijaungana, na utosi wa mbele hufunga kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Umbo la mtoto ni umbo alilomchagulia Muumba wake.

Mafuta yasitiwe puani, masikioni, machoni wala mdomoni, kwani yakiingia mapafuni ni hatari. Kitovu kiwe safi na kikavu. Kisitiwe mafuta, majivu, wala kitu chochote ila alichoagiza mkunga.

Na kubwa kuliko yote, kukanda kusiwe badala ya hospitali. Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akiwa na homa au mwili wake ukiwa baridi, akihema mbio au kifua kikibonyea anapohema, akipata degedege, akilegea hata hajitingishi, au viganja na nyayo zikawa manjano, asikandwe bali achukuliwe upesi kwa matabibu. Saa moja inayopotea kwa kusema "ni mchango tu, mkandeni" huenda ikawa ndiyo saa ya uhai wake. Mtume wetu (S.A.W.) amekwisha kubainisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, madhara atakayoyaleta ni juu ya shingo yake.

Akina baba nao

Wengi wetu wanaume hudhani kuwa mtoto mchanga ni kazi ya wanawake, nasi tukangojea mpaka aweze kushika juzuu ndipo tumjue. Huo sio mwendo wa Mtume. Bwana mmoja, al-Aqra' bin Habis, alipomwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, alisema kuwa yeye ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja. Na Mtume akamfahamisha kuwa asiyerehemu harehemewi. Naye alisali akimbeba Umama, binti wa Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumpakata anaposimama. Basi ni aibu gani kwa baba kumpapasa mwanawe miguu kwa dakika kumi, mamaye akapata kulala kidogo? Na mtoto njiti nae, mama akiwa mgonjwa, kifua cha baba chaweza kumpa joto vilevile.

Mwisho wa habari

Tuliporejea kutoka zahanati, bibi alifungua mzigo wake. Hakuna aliyemwomba msamaha mwenzake mbele yetu, na sisi hatukudai hilo. Lakini baada ya siku arobaini yule mzee alitupa habari kuwa sasa anayekanda ni mama mtoto mwenyewe, na bibi hukaa ubavuni pake akimwonyesha namna ya kugeuza mkono. Na mara mbili tatu, mama anaposema "Bibi, hapo basi," bibi huacha.

Tuliona kuwa kila mmoja wao alikuwa na nusu ya haki. Bibi alikuwa na mikono iliyozoea, na mama alikuwa na habari mpya, na mtoto alihitaji vyote viwili. Nyumba ambayo wakubwa hukubali kujifunza, na wadogo hukubali kufundishwa bila ya kiburi, hiyo ndiyo nyumba yenye baraka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape afya mama zao, na aitie rehema mikono yetu kabla ya kuwagusa. Amin.