Sungura Aliyepasuliwa: Tazama Kidonda, Tazama na Chakula

Mkulima afugaye sungura kwa nyama hana haja ya kumtoa jike kizazi. Lakini katika nyumba nyingi yuko sungura mmoja ambaye watoto wamempa jina, wala hapana mtu athubutuye kumtaja pamoja na sufuria. Jike wa namna hii hutolewa kizazi ili asizae ovyo, na pia kwa sababu majike wengi wakizeeka hupata kansa ya mji wa mimba. Kupasua ni kazi ya daktari wa mifugo. Kuuguza ni kazi yako wewe na watoto wako.

SIKU YA KWANZA

Usimrudishe katika kibanda cha nje usiku ule. Dawa ya usingizi hupunguza joto la mwili, na mahali kama Kinangop au Ol Kalou baridi ya usiku yaweza kumwua. Mweke ndani ya nyumba, katika sanduku kavu lililotandikwa magazeti safi. Usitandike vumbi la mbao, maana hunata katika kidonda. Akae peke yake, asiruke wala kukimbia, kwa muda wa siku 10.

CHAKULA

Hapa ndipo wengi hukosea. Hutazama kidonda, wakiona kikavu hufurahi. Kumbe sungura hajala tangu jana. Matumbo ya sungura hayana budi kufanya kazi mchana na usiku. Yakisimama hujaa hewa, naye aweza kufa upesi, hata kama kidonda ni kizuri. Kwa hiyo usimshindishe njaa hata kabla ya kupasuliwa. Sungura hawezi kutapika.

Mara aamkapo mpe nyasi kavu, majani aliyoyazoea na maji safi. Mpe mtoto wako kazi ya kutazama mavi kila asubuhi na jioni. Ikipita saa 12 bila kula, au mavi yakikoma, mpeleke kwa daktari mara moja; usingoje siku ya soko. Akikaa amejikunja na kusaga meno, ana maumivu. Omba dawa ya maumivu kwa daktari, kwani mwenye maumivu hali.

KIDONDA

Nawa mikono, kisha tazama tumbo lake mara mbili kwa siku. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za kwanza si kitu. Usaha, harufu mbaya, damu inayotiririka, nyuzi zilizokatika au kidonda kilichofunguka ni hatari. Mrudishe kwa daktari. Fukuza nzi, maana hutaga mayai katika kidonda, na funza huingia kwa siku moja tu.

Usimwogeshe. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wala usimnyweshe dawa zilizobaki nyumbani: ampisilini na amoksilini za kunywa, ambazo humponya mtu, huharibu matumbo ya sungura na kumwua.

Nyuzi za kutolewa hutolewa na daktari baada ya siku 10 hadi 14. Mpaka siku hiyo, kila asubuhi jiulize maswali matatu: Amekula? Ametoa mavi? Kidonda ni kikavu? Jibu moja likiwa "hapana", usikae ukangoja.