Punda wa Kwanza wa Mtoto

Punda wa kwanza anayekabidhiwa mtoto hapaswi kuwa mtoto mwenzake. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka, lakini huvunjwa kila siku minadani, kwa sababu punda wa miaka miwili huuzwa kwa bei nafuu na mzazi hujifariji kwamba mnyama na mwanawe watakua na kuzoeana. Mara nyingi hawazoeani. Mnyama asiyeujua mzigo anafundishwa na mtoto asiyemjua mnyama, na katika wiki chache mmoja amejifunza kupiga mateke na mwingine amejifunza kushika fimbo. Anayemfaa mwanafunzi ni punda aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa: anaijua njia ya kisimani, anasimama wakati wa kupakiwa, wala hababaiki trekta ikipita.

Katika nchi nyingi mtoto anayeanza kupanda mnyama huanza na farasi mdogo. Usukumani farasi hawakupata nafasi, na sababu kubwa ni magonjwa. Ipo homa ya farasi inayoenezwa na visubi, na ipo nagana inayoenezwa na mbung'o. Shinyanga inalijua tatizo la mbung'o kuliko mahali pengi, kwani katika miaka ya 1920 na 1930 ndiko yalikokuwa makao ya utafiti wa mdudu huyo kwa Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton, na maeneo makubwa ya vichaka yalifyekwa ili kumnyima maficho. Punda naye huugua nagana, lakini homa ya farasi kwa kawaida humpitia bila kumwangusha. Ndiyo maana kuanzia Kishapu hadi Kahama, na kuelekea Geita, punda ndiye anayebeba maji, kuni, na mahindi ya kwenda mashineni. Bomba la maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, lililofika Shinyanga na Kahama mwishoni mwa miaka ya 2000, limewapunguzia kazi hiyo watu wa mijini. Vijijini, mbali na bomba, madumu bado yanatembea mgongoni mwa punda, na anayemswaga mara nyingi ni mtoto, ambaye hupanda kidogo wakati wa kwenda, madumu yakiwa matupu.

Punda mzuri amekuwa adimu kuliko zamani. Kwa miaka kadhaa mkoa wa Shinyanga ulikuwa na machinjio ya punda, na Dodoma mengine. Ngozi zilipelekwa China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao. Wizi wa punda uliongezeka, na hesabu ya uzazi haikuruhusu pengo kuzibwa haraka: punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, wakati mwingine hadi 14, na huzaa mtoto mmoja. Mwaka 2022 Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara hiyo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakaafiki katazo la bara zima. Kwa mnunuzi, fundisho la miaka ile ni kwamba punda asiye na asili inayojulikana asinunuliwe hata akiwa rahisi kiasi gani. Muuzaji aje na barua ya serikali ya kijiji chake, alama za mnyama ziandikwe, na kama anavushwa kwenda wilaya nyingine, kibali cha kusafirisha mifugo kipatikane kwa ofisa mifugo kabla ya safari.

Umri husomwa mdomoni, na maneno ya muuzaji yasikilizwe baada ya hapo. Punda ana meno ya mbele 12, sita juu na sita chini. Meno ya utoto ni madogo na meupe. Ya ukubwani ni mapana, marefu na yana umanjano. Jozi ya katikati hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu hivi, jozi inayofuata mwaka mmoja baadaye, na ya pembeni akikaribia miaka minne na nusu. Kwa hiyo mnyama ambaye meno yote ya mbele ni ya ukubwani amefika au anakaribia miaka mitano, umri ambao mifupa yake imekomaa. Baada ya hapo mtu hutazama kulika kwa meno na mwinamo wake: ya punda kijana yamesimama wima yanapokutana, ya mzee yamechomoza kwenda mbele. Kwa mtoto, umri mwema ni kati ya miaka sita na 12. Hata wa miaka 15 mwenye afya asidharauliwe. Wanunuzi wengi humpita wakimwita mzee, ilhali punda aliyetunzwa vizuri huweza kufikisha miaka 25 na zaidi, na huyo wa miaka 15 ana subira ambayo kijana hana.

Dume asiyehasiwa si mnyama wa mtoto, hata akiwa mpole siku ya mnada. Akinusa jike aliye kwenye joto husahau mzigo, kamba na aliyeishika kamba hiyo, na madume wawili wakikutana njiani hung'atana hadi kutoana damu. Aliyehasiwa ndiye bora kuliko wote. Kasoro yake ni kwamba hapatikani kwa wingi, kwa kuwa wafugaji wengi huhasi ng'ombe na kuwaacha punda. Dume kijana anaweza kununuliwa kwa nia ya kuhasiwa, mradi kazi ifanywe na mtaalamu wa mifugo mwenye dawa ya ganzi. Jike ni chaguo zuri pia, lakini mnunuzi ajue kwamba akipata mimba atahitaji kupumzishwa miezi ya mwisho na wakati wa kunyonyesha, na familia iwe na njia nyingine ya kufikisha maji nyumbani.

Ukubwa wa mnyama haupimwi kwa urefu wa mtoto peke yake. Unapimwa kwa mzigo. Punda wa kwetu ni wadogo, wengi wana uzito wa kilo 110 hadi 150. Kipimo kinachokubalika kwa mzigo wa mgongoni ni karibu theluthi ya uzito wa mnyama, maana yake kilo 40 hadi 50. Dumu moja la lita 20 lina kilo 20. Madumu mawili, moja kila upande, ni mzigo wa haki. Madumu manne, ambayo huonekana kila asubuhi kwenye barabara za vumbi, ni kilo 80, na mtoto akikaa juu yake mnyama anabeba karibu uzito wake mwenyewe. Mtoto wa kilo 30 anaweza kupandishwa peke yake bila shida. Akiwa na maji, atembee. Lamu, kisiwa ambacho punda ndiye usafiri wake na ambako kuna hospitali ya punda tangu 1987, wapandaji hukaa nyuma karibu na nyonga badala ya katikati ya mgongo. Watoto wa Kisukuma wengi hufanya hivyo hivyo bila kufundishwa.

Ukaguzi wa mwili uanzie mgongoni, kwa sababu ndiko historia ya mnyama ilikoandikwa. Mabaka ya nywele nyeupe mgongoni au mabegani ni makovu ya vidonda vya zamani vya mzigo au kamba. Baka moja dogo linasameheka. Mengi, yakiambatana na mnyama kujikunja anapoguswa, ni dalili ya maumivu yasiyokwisha, na punda mwenye maumivu ndiye anayeuma. Kidonda kibichi ni sababu ya kumwacha, hasa kwa kuwa punda na farasi hupata pepopunda kwa urahisi. Kisha zitazamwe kwato. Wanyama wa kwenye ardhi ya mchanga, ile iitwayo luseni, huweza kuwa na kwato zilizorefuka na kupinda, na wanaokaa kwenye matope ya mbuga wakati wa masika hupata kwato laini zinazooza. Kila mguu uinuliwe. Punda asiyekubali kuinuliwa mguu na mwenye mali hatakubali kuinuliwa na mtoto. Atembezwe pia kwenye ardhi ngumu: kichwa kinachopanda na kushuka kila hatua huonyesha mguu mmoja unauma. Macho yawe makavu, pua isitoe makamasi mazito, na mbavu zisihesabike. Wakati mzuri wa kukagua ni kiangazi. Masika kila punda ana nyasi na kila punda hung'aa.

Hata hivyo mwili mzuri si kitu kama tabia haifai, na tabia haionekani kwa kumtazama mnyama aliyefungwa kwenye mti. Ni lazima mtoto mwenyewe awepo. Amsogelee punda kutoka ubavuni huku akiongea, amguse shingo, amvalishe kamba, amfungue, ampakie madumu matupu na baadaye yenye maji, amwongoze kuvuka mfereji, apite naye palipo na bodaboda. Wakati huo muuzaji asimame mbali. Punda wengi humtii bwana wao kwa kuogopa fimbo iliyo mkononi mwake, na utiifu huo haurithiwi na mnunuzi. Panapowezekana, mnyama anunuliwe kwa jirani au kijiji cha karibu, akae nyumbani kwa majaribio ya siku kadhaa, na malipo yakamilishwe baadaye. Mnada hauna nafasi hiyo, na kwa sababu hiyo peke yake mnada ni mahali pabaya pa kumnunulia mtoto punda.

Katika majaribio hayo jambo moja lisihukumiwe vibaya. Punda akiogopa, mara nyingi husimama na kuganda badala ya kukimbia kama farasi. Watu humwita mkaidi, lakini yeye anachunguza. Kwa mtoto hiyo ni tabia njema: mnyama anayesimama akiona nyoka au chupa ya plastiki inayopeperuka hawezi kumburuza mtu kwa kamba. Wa kukwepwa ni yule anayegeuza makalio na kulaza masikio nyuma kila anapofuatwa, na yule anayekurupuka na kutimua mbio.

Anakotoka mnyama ni muhimu sawa na anakokwenda. Punda aliyekulia Kishapu, kwenye nyanda zilizo wazi, akipelekwa kwenye misitu ya Bukombe ambako mbung'o wapo, anaweza kukonda na kufa kwa nagana wakati punda wa huko wanaendelea na kazi. Aliyelelewa eneo hilohilo ndiye salama, na ofisa mifugo aulizwe kuhusu dawa kabla ya ununuzi. Kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Nyarugusu hadi vijiji vya Msalala, zipo hatari nyingine: maduara ya uchimbaji yaliyoachwa wazi, na madimbwi ya kuoshea dhahabu yenye zebaki au sayanaidi. Punda mwenye kiu hachagui maji, kwa hiyo anyweshwe kabla ya kupitishwa huko. Na kama mpango wa mzazi ni punda na mwanawe wakasombe mawe ya dhahabu, mpango huo hauna punda anayeufaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inamkataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za machimboni.

Vifaa vinunuliwe pamoja na mnyama. Nira ya ng'ombe, iliyojaa katika kila mji wa Usukumani, haimfai punda. Ng'ombe husukuma kwa nundu na shingo nene. Punda hana nundu, nguvu zake ziko kifuani. Akifungwa nira hukabwa na kuchubuka. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani, wa ngozi au turubai lililokunjwa, wala si kamba ya nailoni. Kwa mzigo wa mgongoni kunahitajika tandiko nene lenye mwanya katikati ili uti wa mgongo usiguswe, na shogi iliyo sawa pande zote mbili. Mkokoteni usubiri. Mkokoteni wa magurudumu mawili hauna breki, na kwenye mteremko humsukuma mnyama kutoka nyuma. Hiyo ni kazi ya mtoto aliyekwisha kumzoea punda wake kwa mwaka mmoja au zaidi.

Gharama ya mwisho ambayo mzazi husahau ni mwenzake punda. Wanyama hawa hushikamana wawili wawili, na aliyetenganishwa na mwenzake anaweza kukataa chakula hadi akaugua. Kama wauzwao ni jozi na fedha zinatosha, wachukuliwe wote. Zisipotosha, alale zizi moja na mbuzi au ng'ombe, tena zizi lenye miiba mirefu, kwa kuwa fisi wa Shinyanga hawamwachi punda anayelala nje. Chakula chake si taabu: mabua, majani makavu na malisho ya hifadhi ya nyasi iitwayo ngitili vinamtosha, pumba iwe kidogo, na maji lita 10 hadi 20 kwa siku, zaidi jua likiwa kali. Wiki mbili za kwanza abebe madumu matupu tu, akiongozwa na mtoto, mtu mzima akiwa nyuma yao.