Sura ya 4: Maji na Ekseli

Ukivuka Mto Pangani kwa kivuko, ukashukia Bweni na kushika njia ya Mwera, Kipumbwi na Mkwaja, kukutana na greda si jambo la ajabu. Hukwangua, husawazisha, huondoka. Masika yakipita, hurudi. Baadaye zikaja mashine kubwa zaidi, za mradi wa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 mtoni Pangani. Wengi wanaamini lami ikifika, kero ya matengenezo itakwisha. Haitakwisha, na sababu zake zinastahili kujulikana na kila anayelipa tozo ya mafuta.

Barabara husanifiwa ikijulikana kwamba itachakaa. Mhandisi hukadiria ni ekseli ngapi, yaani mihimili ya magurudumu, zitapita, za uzito gani, kisha hupanga unene wa matabaka. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, malori yalizungushwa kwenye barabara za majaribio mpaka zikaharibika. Ikaonekana kuwa uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, madhara huongezeka takriban mara 16. Ekseli ya tani 10 ukiipakia tani 12, umezidisha sehemu moja tu ya tano, lakini barabara inaumia mara mbili. Ndiyo sababu ya mizani ya malori barabarani, na ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Gari dogo la abiria halihesabiki hapa.

Lakini pwani hii adui mkubwa ni maji. Lami tunayoiona ni tabaka jembamba tu. Nguvu ya barabara iko chini, kwenye kokoto na udongo ulioshindiliwa. Jua huikausha lami ikakakamaa na kupasuka nyufa ndogo. Mvua huingia humo, udongo wa chini ukalegea. Lori linapopita juu yake, gurudumu hukandamiza maji, nayo hutoka na chembe za udongo. Hapo juu hapajaonekana kitu. Chini pamekwisha kuwa patupu. Shimo likitokea, ugonjwa una miezi mingi. Kulijaza kiraka bila kuzibua mtaro ulioziba kando yake ni kulisubiri litoboke tena.

Njia ya changarawe huumwa kwa namna nyingine: hupungua. Kiangazi huondoka kama vumbi, masika husombwa na maji, na magari yanayotoka mashamba ya mkonge ya Mwera na Sakura husaga kilichobaki. Greda haliongezi changarawe. Hurudisha tu umbo. Baada ya miaka michache lazima iletwe nyingine.

Kwa nini basi mashine zote hutoka kwa pamoja? Masika hushika kuanzia Machi hadi Mei, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kazi nyingi husongamana katika miezi mikavu inayofuata, kabla vuli haijaanza Oktoba. Anayechelewa kusaini mkataba hujikuta anashindilia tope.

Fedha zina hesabu yake pia. TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, ina barabara kuu na za mikoa. TARURA, wakala mwingine, tangu 2017 ina za wilaya, mijini na vijijini. Mwaka 2021 tozo iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 1994 kuwa Afrika ingetumia dola bilioni 12 kutunza barabara kwa wakati katika mwongo uliotangulia, ingeokoa bilioni 45 za kuzijenga upya. Takwimu hiyo inaniuma, kwa sababu matunzo yenyewe mengi ni kazi ya jembe na sepetu: kufyeka majani, kuzibua kalavati, kuchimba mtaro. Kazi hii haizinduliwi kwa utepe, ndiyo maana huwa ya kwanza kuachwa.

Lami ya Mwera nayo itadai haki hiyo: mitaro na kalavati kila mwaka kabla ya Machi, nyufa zizibwe zikiwa bado nyembamba, na baada ya miaka kadhaa tabaka jipya juu, wakati chini bado pazima. Tukikosa miadi hiyo ya mwisho, itabidi kufukua mpaka kwenye tuta, na njia ya mchepuko itarudi kupita vumbini.