Petroli Huishia Kwenye Breki

Madereva wengi wanaoteremka kutoka Kisarawe kupitia milima ya Pugu kuelekea Gongo la Mboto wanaijua mbinu hii: ukiuona mteremko, weka nyutro, gari lijiendee lenyewe. Tangu petroli ivuke shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi watu wakisubiri EWURA itangaze bei kikomo, haishangazi mtu akikumbatia kila mbinu anayoisikia. Hii ya nyutro aiache. Katika gari la gia za mkono lenye injini ya injekta, nyutro kwenye mteremko mkali huchoma mafuta ambayo yasingechomwa kabisa.

Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa ndani ya gia na injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha, kompyuta hufunga injekta. Hakuna tone linaloingia kwenye silinda. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini kupitia giaboksi. Ukiweka nyutro, injini inabaki peke yake, na ili isizime lazima inyweshwe: injini ya lita 1.5 hadi 2 ikinguruma tu hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Mwenye gari la kabureta ana haki ya kubisha, kwa sababu kabureta huendelea kupitisha petroli kadiri injini inavyovuta hewa. Kwake ushauri huo ulikuwa na maana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba gari likiwa nyutro hufika mbali, maana injini hailirudishi nyuma. Ni kweli, na penye mteremko mdogo faida inaweza kuwapo. Lakini chukua gari la kilo 1,200 kwenye barabara inayoshuka mita 5 kwa kila mita 100. Uzito wake hulivuta kwa nguvu ya niutoni 590 hivi, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa matairi na upepo havizuii hata nusu ya nguvu hiyo. Gari linaongeza kasi, dereva anakanyaga breki, na ule umbali alioutarajia unageuka joto kwenye diski. Gia ya tatu ingelizuia bila mafuta na bila kuchosha breki. Anayezima injini kabisa anacheza na maisha ya watu: nguvu inayosaidia breki hutokana na injini, na baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Mteremko ukiisha, hesabu inahamia kwenye foleni za Barabara ya Nyerere. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari letu likifikia kilomita 60 kwa saa limebeba kilojuli 167, na kwa kuwa injini hugeuza takriban robo tu ya nishati ya petroli kuwa mwendo, mbio hizo zimegharimu kama mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai. Breki ikikanyagwa hadi kusimama, vyote vimepotea. Anayeishia 40 kabla ya foleni inayofuata amelipa chini ya nusu ya hapo, na wote wawili watakutana nyuma ya daladala lilelile.

Wapo watakaosema kwamba ukiacha nafasi mbele, bodaboda na daladala wataijaza. Wataijaza, naam, na utakuwa umepoteza mita chache za barabara. Nafasi ndiyo inayokuruhusu kuondoa mguu mapema na kusogea polepole katika gia ya pili badala ya kuanza upya na gia ya kwanza kila mara.

Kuhusu kupandisha gia, mafundi huonya kwamba mizunguko midogo inaua injini. Hofu yao ina msingi: gari likitetemeka na injini kuanza kugonga, shusha gia mara moja. Chini ya hapo hakuna anayekutaka uende. Lakini kwenye barabara tambarare, injini ya petroli ikizunguka mara 2,000 hivi kwa dakika, pedali ikiwa imekanyagwa vya kutosha, hupumua kwa urahisi na kupoteza kidogo kwa msuguano kuliko ile inayolia katika gia ndogo kwa mwendo uleule.